Ushuhuda Kwenye Kadi za Wageni

Kadi ya kwanza ilipochungulia kwenye printa Jumamosi ile asubuhi, Debora alikaza kanga kiunoni kama mtu anayeingia uwanjani kucheza. Tangu Kwaresima alikuwa akiiota kadi hiyo. Sasa ilikuwa inakuja yenyewe, mstari kwa mstari, kwa mlio wa kukereza uliomfanya mpishi aache vitunguu vyake na kuja kusimama mlangoni.

Hosteli ya Makutano ilikuwa mali ya Mama Generosa, mwanamke wa Bukoba aliyejenga vyumba vyake kimoja kimoja hapo Dodoma, tangu biashara iwe ruksa na kila mwenye tofali akageuka kuwa mwenye nyumba ya wageni. Kila Bunge lilipokaribia kukaa, makarani, madereva na waandishi wa habari walifurika mjini, na wenye hosteli waliwagombania kama kuku wanavyogombania mtama. Jirani wa ng'ambo ya barabara aliandika majina ya wageni kwa chaki milangoni. Mama Generosa alikuwa ameapa kwamba kwake mgeni atakuta jina lake limechapwa kwenye kadi, kama hoteli za Dar es Salaam. Ndiyo maana alikubali kuachiwa kompyuta ya majaribio na muuzaji mmoja wa huko Dar. Jumatatu muuzaji angekuja, ama waandikiane mauziano, ama aibebe na kuondoka nayo.

Na ndiyo maana Debora, mpiga pasi wa hosteli, alikuwa amekaa kwenye kiti cha ofisini. Alikuwa mama mtu mzima, mwanawe Luka tayari yuko sekondari, lakini kila alipomaliza mashuka ya siku alikwenda masomo ya jioni kwa Mwalimu Fredy, kijana wa Iringa aliyefundisha kompyuta nyuma ya duka la vifaa vya ofisi. Programu ya kugawa vyumba aliitunga mwenyewe, kwa jasho na kwa maombi. Ikikubalika, kompyuta ingebaki na ingekuwa kazi yake. Ikikataliwa, pasi ya mkaa ilikuwa chumba cha nyuma ikimngoja.

"Soma, Shaaban," Mama Generosa alisema. "Kwa sauti."

Shaaban, mhudumu wa vyumba, alikuwa mtu wa Kondoa mwenye mdomo usiojua likizo. Akaichukua kadi, akakohoa kama mtangazaji wa redio.

"Asante Yesu, jina limeingia. Ndugu Silvano Magombana. Chumba namba moja. Nimefika hapa kwa neema."

Mpishi alitazama miguu yake.

"Kumbe anakuja kwa neema," Shaaban alisema. "Mimi nilidhani kwa treni."

Debora alisikia masikio yakiwaka moto. Alitaka kuizima printa, lakini kadi zilikuwa zinateremka tu, na kila moja ilishukuru mwanzo na kushuhudia mwisho. Chumba namba saba kilikuwa na kitasa kibovu, kwa hiyo alikuwa ameiambia programu ikiruke. Printa ikafika hapo. Shaaban akaivuta kadi, akaisoma kimoyomoyo, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe akakosa neno.

"Mbona husomi?" Mama Generosa aliuliza.

"Mama, hii isome wewe."

Mama Generosa akavaa miwani. Kati ya shukrani na ushuhuda, kadi iliandikwa hivi: MZEE ULIMBOKA. USHINDWE SHETANI. CHUMBA NAMBA NANE.

Mpishi alikimbilia jikoni, na kicheko chake kikasikika kikigonga masufuria. Mama Generosa hakucheka. Mzee Ulimboka alikuwa karani wa miaka mingi na mzee wa kanisa kwao Mbeya. Alilala Makutano kila Bunge, na wenzake walilala alikolala yeye.

"Debora," alisema polepole. "Huyu mzee ananiletea nusu ya wageni wangu. Unataka akute Shetani mlangoni kwake?"

"Hapana, mama. Hayo si ya wageni. Ni ushuhuda wangu."

Ilibidi aeleze, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyojiona mjinga. Mwalimu Fredy aliwafundisha kwamba programu ikikosea haisemi imekosea wapi, kwa hiyo uiwekee maneno njiani: ikifika hatua fulani itamke kwamba imefika. Yeye mwalimu huandika HAPA, basi. Lakini Debora alikuwa mtu wa ushirika wa Jumatano kule kanisani, ambako mtu husimama na kusema Bwana amemfikisha wapi wiki hiyo, na hakuona namna nyingine ya kusema umefika mahali. Jina likisomwa vizuri, programu ishukuru. Ikikutana na chumba kibovu, imkemee anayestahili kukemewa. Chumba kikipatikana, itoe ushuhuda. Na kwa kuwa kompyuta za darasani ziligombaniwa na wanafunzi wengi, maneno hayo aliyaelekeza kwenye karatasi, apate kwenda nayo nyumbani akaone programu ilipojikwaa. Alikuwa ameyasoma mara nyingi mno, hata macho yake hayakuyaona tena, kama mtu asivyoiona pua yake.

"Nimekusikia," Mama Generosa alisema. "Mimi pia nasali. Lakini kesho jioni wageni wanashuka, na mlangoni nataka jina na chumba. Neno moja likizidi, Jumatatu yule bwana anabeba mashine yake, na wewe unarudi kwenye mashuka. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, mama."

Mchana huo Debora alifyeka. Kila mstari uliokuwa na shukrani, neema au Shetani aliufuta bila huruma, kama mtu anayepalilia shamba la uwele. Alipomaliza akajaribu kwa jina moja, la mwanawe. LUKA. CHUMBA NAMBA MOJA. Safi kama sahani iliyooshwa. Akatoa sauti ndogo ya furaha, akatunza kazi yake kwenye disketi, akaenda nyumbani akiimba.

Jumapili alitoka ibadani moja kwa moja hadi hosteli, bado na gauni lake la kanisani. Shaaban alikuwa ameshatengeneza kitasa cha namba saba. Mama Generosa alikuwa akijiandaa kwenda stesheni kupokea wageni kwa pikapu. Treni ya kutoka Dar ilikuwa imechelewa, ikisemekana bado iko Gulwe, na jambo hilo Debora alilipokea kama zawadi. Kitu kimoja tu kilimtia haraka: maji ya bwawa la Mtera yalikuwa yamepungua, umeme ukawa wa mgao, na siku hiyo jua likizama ilikuwa zamu ya mtaa wao kukaa gizani.

Mama Generosa alipoondoka, Debora aliingiza majina yote na kubonyeza. Printa ikalia. Shaaban akazipokea kadi, akazipanga mkononi kama karata.

"Mama Luka," alisema, "hiki chumba namba moja kina nini?"

"Kwani vipi?"

"Wote wamekipenda."

Debora alimnyang'anya kadi. Ndugu Silvano, chumba namba moja. Mzee Ulimboka, chumba namba moja. Waandishi wa habari, madereva, bibi mmoja wa Wizara, wote namba moja, kwenye kitanda kimoja cha futi tatu na nusu.

"Tuwaletee mkeka," Shaaban alisema. "Kwa neema watatosha."

"Shaaban, nakuomba. Leo usinitanie."

Shaaban akaona hofu usoni pake, akaacha utani. "Basi nitafute chaki?"

Chaki. Debora aliliona neno hilo likifunga mlango mbele yake. Kabla hajamjibu Shaaban, Mwalimu Fredy aliingia akisukuma baiskeli, suruali imekunjwa mguu mmoja, amekuja kuona kazi ya mwanafunzi wake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Umenikuta kwenye maji ya shingo."

Fredy aliegemeza baiskeli ukutani, akatazama zile kadi, na badala ya kusikitika macho yake yakang'aa. "Hii nzuri. Hii ni nzuri sana. Umebadilisha nini tangu Ijumaa?"

"Nimefuta ushuhuda."

"Na kingine?"

"Hakuna. Ushuhuda tu."

"Ushuhuda tu," Fredy alirudia, akavuta kigoda. Debora aliinuka kumpisha kiti, lakini kijana akakataa kwa mkono. "Kaa hapo hapo, mama. Nikikaa mimi, Jumatatu utaniita tena. Disketi ya Ijumaa unayo? Tuone ulichofuta."

Aliichomeka. Programu ya zamani ikajipanga kwenye kioo, na Debora akaanza kuishusha kwa kidole, mstari baada ya mstari, midomo ikichezacheza. Alipofika kwenye NIMEFIKA HAPA KWA NEEMA kidole kilisimama. Maneno hayo hayakuwa peke yake kwenye mstari. Nyuma yake, baada ya vitone viwili, palikuwa na kazi nyingine: ongeza namba ya chumba kwa ajili ya mgeni anayefuata. Alikuwa ameshukuru na kusogea katika mstari mmoja, kwa sababu siku alipouandika mambo hayo mawili aliyaona ni jambo moja. Na jana, alipoifuta shukrani, aliufuta na mwendo.

"Nimeikata miguu," alisema.

Fredy akapiga goti lake kwa furaha. "Umeona mwenyewe. Mstari mmoja, kazi moja, nimewaimbia mpaka nimechoka."

"Nirudishe ule mwendo tu kwenye hii ya jana?"

"Hiyo ya jana uliifyeka kwa hasira, hatujui umeondoka na nini kingine. Ya Ijumaa tunajua inatembea. Kasoro yake inaongea mno."

Debora alifumba macho. Fredy, aliyemzoea, akasubiri. Alijua hapo anaomba. Mbali, upande wa mashariki, honi ya treni ikasikika, nyembamba kama filimbi ya mchungaji wa ng'ombe. Shaaban akatoka nje kutazama, akarudi na kusema kwamba moshi umeonekana.

"Mwalimu," Debora alisema, macho yamefunguka na sauti imechangamka, "kwetu Jumatano hatumfukuzi mtu mwenye ushuhuda. Tuna kiongozi. Mama Loisi akisema nafasi imefunguliwa, unasimama unasema. Akisema imefungwa, hata uwe umefufuka jana, unakaa kimya mpaka wiki ijayo. Hakuna anayesema bila kumtazama kiongozi kwanza."

"Endelea."

"Basi na hii niiwekee kiongozi. Hapa juu kabisa, mwanzoni. Nikiandika moja, nafasi imefunguliwa. Nikiandika sifuri, imefungwa. Na kila ushuhuda, kabla haujasema, umtazame kiongozi. Wakati wa kutafuta makosa nafungua. Wakati wa wageni nafunga. Sifuti mtu."

Fredy aliinuka kutoka kwenye kigoda chake, akakaa tena. "Mama, hilo wenzetu Ulaya wanalilipia ada."

"Ni sawa au si sawa?"

"Andika. Andika haraka."

Vidole vya Debora, vilivyozoea uzito wa pasi, vilikimbia juu ya zile herufi kama kuku aliyeona mwewe. KIONGOZI ni sifuri. Kisha akauendea ushuhuda wa neema, akautenga na mwendo, kila mmoja na mstari wake, akauambia umtazame kiongozi. Akaiendea shukrani ya jina, nayo vilevile. Fredy alisoma juu ya bega lake akinong'ona "ndiyo, ndiyo" kama mshereheshaji. Treni ikapiga honi tena, na safari hii ilikuwa ndani ya mji.

"Chapa," Fredy alisema.

Alibonyeza. Printa ikachukua pumzi, ikakereza. Ndugu Silvano Magombana, chumba namba moja. Bibi wa Wizara, chumba namba mbili. Tatu. Nne. Debora alizihesabu kwa sauti, na Shaaban akaitikia, na Fredy akaitikia, hata ikawa kama kwaya. Mzee Ulimboka, chumba namba saba, bila Shetani. Walipofika kadi ya mwisho, namba kumi, Debora alikuwa anacheka na machozi yanamtoka. Hakuna aliyekuwa na muda wa kukumbatiana. Fredy na Shaaban walikimbia na pini kwenda kuzibandika milangoni, na pikapu ikaingia getini wakiwa bado kwenye mlango wa mwisho.

Mama Generosa hakusalimia mtu. Alipita korido yote miwani puani, akisoma mlango kwa mlango, huku wageni wakimfuata na mabegi yao. Debora alitembea nyuma yake, mikono imefumbatwa. Mzee Ulimboka alisimama mbele ya namba saba akaitazama kadi kwa muda.

"Jina langu halijawahi kuandikwa vizuri namna hii," alisema. "Hata kwenye cheti cha ndoa."

Mama Generosa aligeuka kumtazama Debora. Kona ya mdomo wake ililegea kidogo, na Debora akajua kwamba mlango umeanza kufunguka.

Fredy alikuwa ameshaondoka na baiskeli yake, na jua limeshuka hadi juu ya paa la jirani, wakati mgeni mwingine alipoingia na teksi. Alikuwa mwanamke wa makamo aliyevaa baibui, mwandishi wa hati mkato kutoka Tanga. Alijitambulisha kwa jina la Joha. Basi lake lilikuwa limeharibikia njiani, na huko alikokusudia kulala chumba chake kimeshatolewa. Mama Generosa alimkaribisha kwa mikono miwili, akampeleka ofisini, akasema kwa sauti ya mtu anayeonyesha kitu chake:

"Debora, mtolee Bi Joha kadi yake."

"Kinachofuata ni namba kumi na moja," Debora alisema akikaa.

Shaaban akainama sikioni mwake. "Namba kumi na moja bomba limepasuka asubuhi. Sakafu ni bwawa."

"Hukusema?"

"Uliniambia leo nisikutanie."

Debora aliiambia programu iruke namba kumi na moja. Akaandika jina la mgeni. Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe, Bi Joha ameinamia printa kwa shauku, Mama Generosa amekunja mikono, alipokumbuka jambo. Kuruka chumba. Siku nzima programu haikuwa imeruka chumba hata kimoja, kwa kuwa namba saba ilikuwa imetengenezwa. Njia ile haikuwa imepitiwa na mtu tangu Jumamosi. Na alikuwa amerudisha programu ya Ijumaa nzima, pamoja na wote waliokuwamo.

Akaondoa kidole.

"Vipi?" Mama Generosa aliuliza.

"Naomba dakika chache, mama."

"Umeme unaondoka sasa hivi."

"Najua, mama. Lakini siwezi kumpa mgeni kadi ambayo sijui itasema nini."

Mwenyewe alishangaa kujisikia akisema hivyo. Mama Generosa naye alishangaa. Taa ya ofisini iliyumba mara moja, ikarudi. Safari hii Debora hakutegemea macho yake, maana yalikuwa yamemsaliti jana. Aliiamuru kompyuta yenyewe imtafutie kila mstari unaopeleka neno kwenye karatasi, hata mmoja usibaki. Kioo kikamwonyesha. Huu ni wa jina la mgeni, ulikuwa wa halali. Huu wa shukrani, ulimtazama kiongozi. Huu wa chumba, halali. Huu wa neema, ulimtazama kiongozi. Halafu ukaja wa mwisho, umekaa peke yake, haumtazami mtu: USHINDWE SHETANI.

"Umo humu bado," Debora alinong'ona.

"Nani yumo?" Bi Joha aliuliza.

"Mtu wake wa zamani," Shaaban alijibu.

Debora aliuamuru mstari huo nao umtazame kiongozi. Akaupitia mstari uliofuata, akahakikisha mwendo wa kwenda chumba kingine uko mahali pake na haukuguswa. Akamwomba Mungu kwa neno moja tu, maana muda wa maneno mengi haukuwapo, akabonyeza.

Printa ikakereza. Ikaandika jina. Ikanyamaza kwa kitambo ambacho kwa Debora kilikuwa kirefu kama kiangazi. Kisha kichwa chake kikasogea tena, na kadi ikateremka mkononi mwa mgeni: BI JOHA. CHUMBA NAMBA KUMI NA MBILI. Chini yake palikuwa peupe.

"Mashaallah," Bi Joha alisema. "Nikiondoka naweza kwenda nayo?"

Hapo umeme ukakatika. Kioo kikawa cheusi, printa ikashusha pumzi yake ya mwisho, na Shaaban akamwongoza mgeni kwenye korido kwa kibatari, akimwonya asikanyage bwawa la namba kumi na moja. Ofisini wakabaki wanawake wawili kwenye mwanga mwekundu wa dirishani.

"Alikuwa nani humo?" Mama Generosa aliuliza.

Debora angeweza kusema hakuna mtu. "Yule wa kadi ya Mzee Ulimboka, mama. Niliwafunga wengine wote, yeye akanipita. Nimemkumbuka kidole kikiwa juu ya kitufe."

Mama Generosa akavuta simu ya mezani, ambayo haikujali mgao wa umeme, akazungusha namba za Dar es Salaam bila kuhitaji kuzisoma. Debora alisimama wima kama mwanafunzi mbele ya mwalimu mkuu. Simu ikaita upande wa pili, ikaita, ikapokelewa.

"Ni Generosa wa Dodoma. Ndiyo. Kesho njoo na karatasi za mauziano." Akasikiliza. "Hapana, hutabeba kitu. Utarudi mikono mitupu." Akasikiliza tena, akamtupia Debora jicho. "Anayeitumia? Ninaye wangu."

Akaweka chini mkono wa simu. Debora akafuta macho kwa kiganja.

"Usinililie humu," Mama Generosa alisema. "Kesho mashuka ya vyumba kumi na kimoja yananyooshwa na nani? Nenda kanitafutie mtu wa pasi kabla hakujawa giza kabisa."

Debora aliondoka na lile gauni lake la kanisani, na alipofika getini hakuweza kutembea tena. Alikimbia.